Chumvi kwa Mtu Asiye na Ng'ombe

Chemtai alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa dukani kwangu hapa Tongaren nampimia mteja dawa ya kupe. Hakujitambulisha. Alisema tu, "Nafula, Baba ameenda," na mimi, ambaye nilikuwa sijasikia sauti hiyo kwa miaka ishirini na minane, nikajua ni nani na ni baba yupi. Mtu mwingine angesema pole kwanza. Mimi, Mungu anisamehe, nilijiuliza kwanza: kwa nini mimi? Namba amepewa na nani? Amejua? Ndivyo nilivyo. Watoto wangu hunicheka, wanasema mama akiletewa zawadi huipindua kwanza aone chini kuna nini. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, tena kwa mwaka mmoja tu, kule Kitale, nikiwa na miaka ishirini, na aliyenifundisha alikuwa mtu wa tabasamu zuri aliyeuza chumvi ya ng'ombe. "Mazishi ni Ijumaa," Chemtai akasema. "Uje. Ulikula naye sahani moja." Nikamwambia nitakuja, nikakata simu, na mteja akaniuliza mara mbili dawa inachanganywa na maji kiasi gani kabla sijamsikia.

Duka lake la Kitale lilikuwa la pembejeo: mbegu za mahindi, mbolea, dawa za mifugo, na kule nyuma stoo iliyotengwa kwa ukuta wa mbao. Mwenyewe aliitwa Barasa, mtu wa kwetu upande wa Bungoma, na ndiyo maana alinichukua bila maswali mengi. Mnene, msafi, shati jeupe hata siku ya kupakua mbolea, na kila mtu kwake alikuwa "rafiki". Siku yangu ya kwanza aliniita kando ya kaunta. "Nafula, mbegu uzia yeyote. Dawa uzia yeyote. Lakini hii chumvi ya mawe, ya kulamba, uliza kwanza. Ako na ng'ombe wangapi? Wa maziwa ni gani? Nani ana mimba? Mwenye ng'ombe hujibu kabla hujamaliza. Asiye na ng'ombe huanza kufikiria. Huyo uniambie." Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba huko juu mlimani kuna watu wanaoweka chumvi msituni iwe chambo. Nyati anakuja kulamba, kesho anarudi, keshokutwa analeta wenzake, na wakishazoea wanauawa pale pale midomo ikiwa chini. Askari wa wanyama wakiokota kipande cha chumvi kando ya mzoga, huanza kuuliza kimetoka duka gani. "Kuwinda kulikatazwa hii nchi tangu wewe ukinyonya," akasema. "Sitaki jina langu lifike kortini, bana." Basi mimi nikajiona nimepewa kazi ya serikali. Nilimuuliza kila mtu. Niliwauliza wazee, masista wa kanisa, hata mwalimu mkuu mmoja aliyekasirika akasema hajaja kuposa. Nikajua kumbe ng'ombe wana majina, na mtu anayesema "nina wanne" bila hata kutaja jina moja ni wa kuangaliwa mara mbili. Mazoea hayo sijayaacha mpaka leo. Hapa Tongaren, ninakoitwa Mama Wekesa, watu huanza kunijibu wakiwa bado mlangoni: watatu, Mama Wekesa, na mtamba mmoja, sasa nipe jiwe langu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kibomet na Chemtai, msichana wa Kisabaot aliyeshona sare za shule. Chumba kilikuwa kimoja, cha udongo uliopigwa plasta, na katikati tulining'iniza pazia alilolishona kwa vipande vya sare vilivyobaki, kijani, bluu, maruni, hata mtu akiingia alidhani ni bendera ya nchi asiyoijua. Upande mmoja vitanda viwili, upande mwingine cherehani, jiko la mafuta ya taa, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Kila Jumamosi baba yake alishuka kutoka kwao juu ya Endebess, mpakani mwa msitu, na vitunguu na viazi vya kuuza sokoni, na adhuhuri alikuja kula kwetu. Mzee Ndiwa. Mwembamba, koti la sufu hata jua likiwaka, na kibuyu cha mursik mkononi, maziwa yenye majivu meusi ambayo mimi Mbukusu nilijifanya nayapenda mpaka nikayapenda kweli. Tulikula kutoka sinia moja, nyoyo, yale mahindi na maharage ya kuchemsha, au ugali na seveve, majani ya malenge, na yeye alinitengea upande wenye mboga nyingi akisema, "Kula, mama. Mtu wa dukani huona vyakula vya ng'ombe siku nzima, lazima ana njaa." Nilimpenda. Ninaliandika hilo hapa mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa na chuki naye.

Enzi za ujana wake, kabla ya marufuku, Mzee Ndiwa alikuwa mfuatiliaji wa nyayo wa wawindaji wenye leseni, na ukimkuta ameshiba alisimulia. Jumamosi moja, mvua imetufungia ndani na mabati yanapigwa mpaka tunapayuka, alitueleza jinsi chui anavyotegwa. Unatundika paja la punda milia mtini, juu, mahali fisi hafiki. Unajenga kibanda cha majani mbali kidogo. Halafu huendi kukaa humo. Siku ya kwanza unamwachia ale. Ya pili unaongeza nyama. Ya tano, ya sita, unapita karibu kwa makusudi ili azoee harufu yako. "Unamlisha mpaka akuamini," alisema, akisafisha sinia kwa tonge la mwisho. "Siku akikuamini, ndiyo siku yake." Chemtai akamuuliza kama haikuwa dhambi. Mzee akacheka bila furaha. Alisema sheria ya wakati ule iliruhusu chambo kwa chui, kwa sababu chui huwezi kumwona hivi hivi, lakini nyati alikuwa wa kufuatwa kwa mguu, na kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa haki: mnyama unayemfuata ana pua yake, ana masikio yake, anaweza hata kukugeuka akuue. Unayemlisha hana lolote. "Na kwetu," akaongeza, "tangu babu zangu, chumvini hapauliwi kitu. Kwenye yale mapango ya mlimani tulikuwa tunapeleka ng'ombe walambe, tunawakuta nyati na ndovu ndani, na mkuki unakaa chini. Hata adui yako ukimkuta chumvini unamsalimu." Maneno mazuri. Lakini mimi niliyolala nayo ni yale ya kwanza. Unamlisha mpaka akuamini. Nikatazama sinia, nikatazama upande wangu wenye mboga nyingi, na kitu kidogo kikanichoma.

Kwa sababu Mzee Ndiwa alinunua chumvi. Karibu kila Jumamosi, jiwe moja, wakati mwingine mawili, ndani ya gunia la vitunguu lililokwisha kuuzwa. Mara ya kwanza nilimuuliza kama nilivyofundishwa. "Wangu ni wengi, mama," akasema. "Na sisi ng'ombe hatuhesabu, ni mwiko." Nilicheka nikamuuzia. Si hata kwetu wazee hawahesabu watoto wala mifugo? Ila mwezi wa nane Chemtai alinipeleka kwao kwa siku tatu, na asubuhi ya kwanza nilipotoka kunawa uso nilikwenda moja kwa moja kwenye zizi. Zizi lilikuwepo, la nguzo nzuri za mwerezi. Ndani yake hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Palikuwa na malenge. Malenge yametambaa juu ya samadi ya zamani, manene, ya njano, mengine yamepanda mpaka kwenye lango ambalo kwa dhahiri halikuwa limefunguliwa msimu mzima. Chemtai, alipoona nimeganda pale, aliniambia kwa kawaida kabisa kwamba ng'ombe wao waliisha wote kwa ugonjwa wa kupe miaka miwili nyuma, na baba hajapata moyo wa kuanza tena. Miaka miwili! Nikahesabu kichwani mawe niliyomuuzia mimi mwenyewe.

Katika siku hizo tatu nyumba ile haikuwa na amani. Mwana mkubwa, Kwemoi, kaka yake Chemtai, alitaka agawiwe sehemu yake ya shamba ajenge, na Mzee alisema bado. Nilikuwa jikoni, nyumba ya moshi iliyotengana na ile kubwa, nachambua mboga, nikawasikia nje. Kwemoi alikuwa na sauti kubwa ya mtu asiyejua kukasirika vizuri. "Mimi najua mambo yako ya huko msituni! Ati unaniona mtoto? Nikifungua mdomo kwa askari, utaona!" Majirani walisikia. Mke wa jirani aliyekuja kuomba moto alisikia, akabaki amesimama na kijinga chake mkononi mpaka kikazimika. Alasiri ile Mzee alichukua gunia begani akaingia msituni, na mimi, mtu wa dukani, mtu mwenye kazi ya serikali, nikamfuata.

Hakwenda mbali sana. Palikuwa na bonde dogo lenye tope, mbele kidogo ya pale mashamba yanapoishia na miti mikubwa kuanza, na gogo kubwa la mti ulioanguka. Ndani ya shimo la gogo aliweka jiwe la chumvi, jekundu, la kwetu kabisa, nililijua. Tope lote lilikuwa limekanyagwa na kwato, pana kuliko za ng'ombe yeyote. Alipogeuka akaniona, hakushtuka. Alifuta mikono kwenye koti. "Umekuja kuwaona wangu," akasema. Kisha akanieleza, polepole, vile mtu anavyomweleza mgeni njia: nyati hushuka kwenye mahindi si kwa njaa tu bali kwa kutafuta chumvi, hulamba hata mahali watu wamekojoa nyuma ya nyumba, na mwaka juzi jirani mmoja alivunjwa mbavu akitoka chooni. "Nikiwapa huku, hawashuki. Basi. Hakuna anayeumia, hawa wala sisi." Nikamuuliza, sauti yangu mwenyewe nikiisikia ni ya kaunta, kama ana kibali. Akasema, "Sheria ilikuja ikasema usiue. Sikusikia ikisema usilishe." Nilitikisa kichwa kana kwamba nimekubali. Sikukubali hata kidogo. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba mtu aliyetundika mapaja ya punda milia na kuzoesha chui harufu yake hawezi kuniletea mimi hadithi ya huruma. Kama angeniambia tu ni mwindaji, pengine ningemwonea huruma. Kilichoniudhi ni kudhani ananidanganya.

Tena palikuwa na nyama. Kila Ijumaa jioni Barasa alinifungia kilo mbili kwenye gazeti, ati zawadi ya mfanyakazi bora. "Ng'ombe dume mzee kutoka huko eneo la Kwanza," alisema, "anataka kuchemshwa sana." Kweli ilitaka. Nyuzi nene, nyekundu iliyokolea, harufu ya majani. Mimi na Chemtai tuliifurahia, wasichana wawili wa kupanga tunaokula nyama kila wiki! Kwa kuwa Chemtai ndiye aliyekuwa mpishi wa Jumamosi, na yeye alipenda kumpikia baba yake kunde alizozizoea, nyama tuliimaliza wenyewe Ijumaa hiyo hiyo. Ila Jumamosi moja mwezi wa tisa ilibaki, ikawekwa mbele ya Mzee Ndiwa. Alitia kipande mdomoni, akatafuna mara tatu, akaacha. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja na kukigeuza kwa kidole. "Hii umetoa wapi?" akaniuliza mimi, si Chemtai. Nikasema ni ng'ombe, kwa boss. "Hii si ng'ombe, mama. Hii ni nyati. Tena jike." Alinawa mikono akakaa mbali na meza, na hakula tena siku hiyo hata nyoyo. Alionekana mtu aliyepigwa. Na mimi, msomaji wangu, mimi mwerevu, nilifikiria nini? Nilifikiria: mtu anajuaje ladha ya nyati, mpaka jike na dume, kama hali nyati?

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelitazama kwa miaka mingi kila upande. Mtu yeyote asiyeuza chumvi angejiuliza nyama ya nyati imefikaje mikononi mwa Barasa. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kumtilia shaka anayenunua, sikufundishwa kumtilia shaka anayeuza. Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua madirisha, nilimwambia Barasa yote. Mzee wa juu ya Endebess, baba ya rafiki yangu, hana ng'ombe, ananunua mawe, nimeona gogo kwa macho yangu, na tena ana ujasiri wa kusema nyama yako ni nyati. Barasa alikuwa anapanga pakiti za mbegu. Aliendelea kuzipanga mpaka safu ikaisha, kisha akanigeukia na lile tabasamu. "Amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. "Unaona sasa," akasema, "mwizi ndiye anajua njia ya mwizi. Wewe msichana una macho, kweli. Nitakuweka usimamie tawi la Bungoma, utaona." Akaniuliza gogo liko upande gani hasa wa bonde. Nikamchorea kwa kalamu nyuma ya gazeti lile lile la kufungia nyama.

Mzee Ndiwa alikamatwa siku nne baadaye, saa nne asubuhi, amesimama kando ya gogo na jiwe la chumvi mikononi. Hatua mia mbili kutoka hapo palikuwa na mzoga wa nyati uliokatwa mapaja, na mitego ya waya. Chemtai alipata habari akiwa kwenye cherehani na akaendelea kukanyaga, kitambaa kikaisha, sindano ikapiga chuma tupu, nikamshika mguu ndipo akasimama. Kortini nilienda naye. Mzee aliulizwa kama aliweka chumvi, akasema ndiyo. Kama alijua nyati watakuja, ndiyo. Kama ana ng'ombe, hapana. Alisema mengine pia, ya chumvini hapauliwi kitu, na karani akaacha kuandika. Hakimu hakuwa mkali. Alisema tu kwamba kuwinda ni kosa, chambo ni sehemu ya kuwinda, na korti inaona chumvi, inaona mzoga, moyo wa mtu haiuoni. Miezi minane. Nyumbani kwao hawakuhitaji kuuliza nani alipeleka habari. Si Kwemoi alishasema mbele ya watu? Mama yake alimkatalia uji. Alikana, akaapa kwa Biblia, na jinsi alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kujua ni yeye, kwa sababu mtu wa kukasirika ovyo hata ukweli wake hutoka kama uongo. Kabla ya mavuno alikuwa ameondoka.

Ningeweza kusema sikujua. Kwa mwezi mmoja na kitu ni kweli sikujua. Kisha alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa nafagia karibu na ule ukuta wa mbao, na Barasa yuko stoo na mtu niliyezoea kumwona akileta magunia. "Yule mzee ametufanyia kazi, bana," Barasa alikuwa anasema. "Amewazoesha. Saa hii peleka jiwe pale pale kwa gogo lake, wanakuja mchana kweupe. Hata harufu ya mtu hawashtuki." Yule mtu akauliza, "Na huyu msichana wako? Si ako na urafiki na hao?" Barasa akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Nafula? Nimemlisha nyama mwaka mzima. Ataenda wapi?" Nilisimama na ufagio. Kinywani mwangu ladha ya nyama ile ilirudi yote, ya Ijumaa zote, na nikatapika kwenye debe la takataka, nikalifunika na karatasi, nikaendelea kufagia. Hapo nilikuwa na nafasi. Kituo cha askari kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mzee alikuwa amebakiza zaidi ya miezi sita. Sikwenda. Niliogopa Barasa, niliogopa kuitwa mla nyara za serikali, na zaidi ya yote niliogopa uso wa Chemtai. Mwezi wa kumi na mbili nilimwambia Chemtai nimepata kazi nyumbani, nikakunja nguo zangu, na pazia letu likabaki linaning'inia katikati ya chumba. Alinisindikiza akinibebea begi. Barasa nilisikia alikuja kukamatwa miaka mingi baadaye kwa mambo mengine, na sikufurahi hata kidogo.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikafungua duka langu hapa. Na siku moja, nadhani mwaka wa pili, akaingia mwanamume mwenye sauti kubwa akaomba jiwe la chumvi. Kwemoi. Alikuwa amenunua kipande kidogo cha shamba huku kwenye skimu ya makazi, analima mahindi, ana ng'ombe. Alinitambua akafurahi kupita kiasi, vile mtu anavyofurahi akiona uso wa kwao. Hakunieleza kwa nini haendi nyumbani na mimi sikumuuliza. Nilimpa jiwe lake haraka. Alikuwa akija kila mwezi tangu hapo, miaka ishirini na kitu, ananisalimu Mama Wekesa habari ya watoto, na mimi nampa jiwe bila kuuliza swali lolote, nikitazama pembeni mpaka atoke. Mwanangu aliwahi kuniambia, "Mama, yule mzee mbona humuulizi kama wengine?" Nikamwambia anyamaze.

Ijumaa nilifika juu ya Endebess kabla ya saa tatu. Turubai limefungwa, viti vya plastiki, sufuria kubwa tatu kwenye moto. Zizi bado lipo, nguzo zile zile za mwerezi, na ndani safari hii ng'ombe wawili. Walinipa karatasi ya ratiba yenye picha ya Mzee na koti lake, na nyuma wasifu wake: ameacha watoto wanne, na majina yao. Walikuwa watano. Nilisoma mara mbili, kisha nikatazama huku na huku nikamwona wa tano, amesimama nje ya uzio karibu na barabara, suti ya kahawia, kofia mkononi, nywele zote nyeupe. Hakuna aliyempa kiti. Chemtai alinikuta jikoni, katika nyumba ile ile ya moshi. Amenenepa, macho ni yale. Tulishikana tukalia kidogo, akanimiminia chai, akakaa na mimi kwenye kigoda. "Umemwona?" akasema. "Ati amekuja kutupa udongo. Akikanyaga kaburi la baba yangu, mimi naondoka. Baba hadi mwisho alikuwa anasema si Kwemoi, si Kwemoi, mwacheni mtoto. Alikuwa anamfunika. Baba alikuwa hivyo." Nje mchungaji alikuwa anajaribu maikrofoni. Nikajua kwamba saa moja ijayo itapita, udongo utafunika sanduku, na baada ya hapo hata nikisema itakuwa ni hadithi tu.

"Chemtai," nikasema, "alikuwa anasema kweli. Ni mimi." Nilimwambia yote, hivi nilivyoandika, ila kwa ufupi na bila kujitetea: zizi la malenge, gogo, mchoro nyuma ya gazeti, ukuta wa mbao. Wanawake wawili waliokuwa wanakata kabichi waliacha visu. Chemtai hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja. "Ulijua Baba hana hatia, na bado yuko ndani?" Nikasema ndiyo. Alinyanyuka, akaichukua chai yangu kutoka mkononi mwangu, akaimwaga jivuni. Halafu akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona akikata katikati ya viti, wageni wakimpisha, mpaka kwenye uzio. Hawakukumbatiana. Alimwambia maneno mafupi, akinyoosha kidole jikoni nilikokuwa, Kwemoi akainamisha kichwa kana kwamba ndiye mkosaji, na Chemtai akamshika mkono wa suti akamvuta ndani, akamkalisha kiti cha mbele, kile chake yeye mwenyewe. Udongo wa kwanza aliutupa Kwemoi. Mwingi ukaangukia viatu vyake.

Chemtai hakuniaga na sikutegemea aniage. Nilikuwa nimeshafika langoni nilipoitwa nyuma yangu kwa ile sauti kubwa, Mama Wekesa, Mama Wekesa. Nikageuka. Nilijiandaa kwa tusi, hata kwa kofi, na ningelipokea. Kwemoi alisimama mbele yangu akihema, udongo mwekundu bado kwenye vidole. "Wateja wote pale dukani unawauliza wana ng'ombe wangapi," akasema. "Mimi miaka yote hii hukuniuliza hata siku moja. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia mke wangu, dunia nzima, huyu mama peke yake ndiye ananiamini."